Mikanda miwili na kona: shajara ya mradi wa kipeuo cha pili

Siku ya 1

Mradi wenyewe ni huu: niweze kutafuta kipeuo cha pili cha namba yoyote kwa kalamu na karatasi, na niweze kueleza kila hatua imetoka wapi. Sehemu ya pili ndiyo ngumu. Njia ya mkono niliwahi kufundishwa. Nakumbuka unaigawa namba katika jozi za tarakimu, unapiga mstari, unashusha jozi, kisha mahali fulani unazidisha jibu kwa mbili. Niliuliza: kwa nini mbili? Nikajibiwa kwamba ndivyo inavyofanywa. Nilifaulu mtihani, nikaisahau njia yote, lakini lile swali halikunitoka.

Maneno kwanza, maana yana mtego. Kipeo na kipeuo zimetofautiana herufi moja tu. Kipeo cha pili cha 7 ni 49, kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Wapo wanaosema mzizi wa mraba, nao hawajakosea. Alama ya √ ilichapishwa mwaka 1525 katika kitabu cha aljebra cha Mjerumani Christoff Rudolff, nayo haikuwa na paa. Lile paa linalofunika namba alilitumia René Descartes mwaka 1637. Nimefurahi kujua hivyo, kwa sababu utotoni nilikuwa nachora paa kwanza kisha najiuliza niweke nini chini yake.

Kazi ya leo: karatasi ya grafu na penseli mbili za rangi. Nimechora mraba wa 7 kwa 7. Vijumba ni 49. Basi kumbe swali la kipeuo ni swali la kipimo: eneo ninalo, upande ni upi? Nikataka kuukuza mraba huo uwe wa 8 kwa 8. Nikapaka rangi vijumba 7 ubavuni kulia, 7 juu, na kimoja kwenye kona kilichobaki wazi. Jumla 15, na 49 na 15 ni 64. Kutoka 8 kwenda 9: 8 na 8 na 1, yaani 17. Kila mara ni mikanda miwili na kona.

Ndiyo maana ukijumlisha namba witiri kuanzia 1 unapata miraba kamili: 1, 4, 9, 16, 25. Nilikuwa nalijua jambo hili kama mazingaombwe. Sasa naliona kwa macho, na limenipa njia ya kwanza ya kutafuta kipeuo, hata kama ni ya kizembe: toa 1, toa 3, toa 5, endelea hadi ufike sifuri, kisha hesabu umetoa mara ngapi. Kwa 49 ni mara saba. Kwa 1849 nisingependa kuijaribu.

Siku ya 2

Leo nimejifanyia mtihani wa makosa. Nimeandika yote niliyokuwa nikiyakosea shuleni, nikayapeleka kwenye karatasi ya grafu moja baada ya jingine.

Kosa maarufu: kudhani √(9 + 16) ni 3 + 4. Jibu ni 5, kwa kuwa 9 na 16 ni 25. Lakini kwa nini si 7? Nimechora mraba wa upande 7. Ndani yake pembeni kuna mraba wa 3 (eneo 9), pembe ya pili kuna mraba wa 4 (eneo 16). Na vipande viwili vinabaki, kila kimoja 3 kwa 4, jumla 24. Anayesema 7 amejipatia mikanda miwili ambayo hakuilipia. Tangu leo sidhani nitalirudia kosa hilo.

La pili: kipeuo cha namba ndogo kuliko moja. √0.25 ni 0.5, kikubwa kuliko namba yenyewe. Hili lilikuwa likinikera, kwani nilizoea kuamini kwamba kipeuo "hupunguza". Chora mraba wa upande 1, kisha ndani yake mraba wa upande nusu. Umechukua robo ya eneo, ila upande ni nusu. Hakuna cha ajabu.

La tatu ni la alama. 5 mara 5 ni 25, na −5 mara −5 pia ni 25. Mlinganyo x² = 25 una majibu mawili, lakini √25 kwa makubaliano ni 5 peke yake. Hapa mchoro haunisaidii, hakuna upande wa sentimita −5. Nimelikubali kama kanuni ya uandishi na kusonga mbele.

Siku ya 4

Jana sikufanya kitu. Leo nimefanya kile nilichokuja kukifanya.

Nimechukua 1849. Nikajiuliza: mraba wa eneo hili, upande wake uko kwenye makumi gani? 40 mara 40 ni 1600, 50 mara 50 ni 2500. Basi ni arobaini na kitu. Nikachora mraba wa 40 (kwa kipimo kidogo, bila shaka), eneo 1600. Eneo lililobaki ni 249. Hilo nalitandaza wapi? Ubavuni na juu: mikanda miwili, kila mmoja urefu 40 na upana usiojulikana, pamoja na kona ya upana huohuo kwa upana huohuo.

Mikanda miwili ya 40 ukiiunga ncha kwa ncha ni mkanda mmoja wa 80. Kona ukiibandika mwishoni, mkanda unakuwa 80 na kitu. Kwa hiyo natafuta tarakimu moja ambayo ikikaa mwishoni mwa 8 na kuzidishwa kwa yenyewe, itatoa 249. Nikajaribu 3: 83 mara 3 ni 249. Imekwisha. Kipeuo ni 43.

Niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu. Ile mbili ni mikanda miwili! Miaka yote hiyo ilikuwa ni ubavu wa kulia na ubavu wa juu, na hakuna aliyenichorea.

Jozi za tarakimu nazo zimejieleza zenyewe. Ukirefusha upande mara 10, eneo linakua mara 100. Kila tarakimu moja ya jibu inakula tarakimu mbili za namba. Kwa hiyo unagawa kwa jozi kuanzia kwenye nukta ya desimali, kuelekea kushoto na kulia.

Baadaye nikajaribu 720, ambayo si mraba kamili. Jozi: 7, 20, kisha 00, 00 baada ya nukta. Katika 7 inaingia 2, inabaki 3. Shusha 20, napata 320. Mara mbili ya 2 ni 4, natafuta arobaini na kitu mara kitu: 46 mara 6 ni 276. Inabaki 44. Shusha 00, napata 4400. Mara mbili ya 26 ni 52: 528 mara 8 ni 4224. Inabaki 176. Shusha 00, 17600. Mara mbili ya 268 ni 536: 5363 mara 3 ni 16089. Jibu mpaka hapo: 26.83. Unaweza kuendelea utakavyo, kila duru mraba unavaa mikanda miwili myembamba zaidi na kona ndogo zaidi.

Siku ya 5

Nina bamba la plaiwudi la mita 2.4 kwa 1.2 ninalotaka kulitumia, na nilitaka kujua kama pembe zake ziko sawasawa. Kanuni ya Pythagoras: ulalo wake ni kipeuo cha 2.4² + 1.2², yaani 5.76 na 1.44, jumla 7.2.

Nikajiona mjanja. Nikasema √72 ni karibu 8.49, basi sogeza nukta hatua moja, √7.2 ni 0.849. Nikashika tepu. Ulalo wa sentimita 85 kwenye bamba lenye upande wa sentimita 240! Nusura nianze kuipima hiyo namba ya kipuuzi kabla akili haijarudi.

Kosa ni la jozi. Nukta ya namba husogea hatua mbili ndipo ya kipeuo isogee moja. 72 na 7.2 zimetofautiana hatua moja, kwa hiyo tarakimu za vipeuo vyake hazina uhusiano wowote wa kuonekana. Ndugu wa 7.2 ni 720, na yule nilishamtafuta jana: 26.83. Basi √7.2 ni 2.683. Nikapima kona kwa kona: sentimita 268 na milimita tatu. Nikapima ulalo wa pili, vilevile. Bamba liko skwea.

Halafu fremu niliyoiunga mwenyewe, sentimita 120 kwa 90. Hapa ulalo unapaswa kuwa 150 kamili, kwa sababu ni pembetatu ya 3, 4, 5 iliyokuzwa mara 30. Nilipata 150.4 upande mmoja na 149.6 upande mwingine. Imelala kidogo. Nikaisukuma kwenye kona zenye ulalo mrefu mpaka vipimo viwili vikalingana.

Hapa nakiri jambo. Fundi hahitaji kipeuo kwa kazi hii. Akishahakikisha pande zinazotazamana zinalingana, analinganisha ulalo wa huku na wa kule, basi. Kipeuo kinahitajika pale ambapo kitu bado hakipo: unapochora msingi ardhini na una kona moja tu, huna pa kulinganisha. Hapo ndipo 3, 4, 5 inapookoa, na ukiwa na nafasi tumia 6, 8, 10, kwani kosa la milimita tano kwenye kamba ndefu linapindisha pembe kidogo kuliko kwenye kamba fupi.

Siku ya 8

Heron wa Aleksandria, karne ya 1 BK. Ameacha mfano wa kutafuta kipeuo, na namba aliyoichagua ni 720. Sikuijua habari hiyo nilipoichagua siku ya 4. Niliichagua kwa bahati tu, na nimeshangaa.

Njia yake haina jozi wala kushusha. Anasema 720 haina upande kamili, ila 729 iliyo jirani ina upande 27. Gawa 720 kwa 27, unapata 26⅔. Jumlisha 27 na 26⅔, gawa kwa mbili: 26⅚. Ukiikuza hiyo kwa kipeo cha pili unapata 720 na 1/36. Kama tofauti hiyo haikutoshi, rudia hatua zilezile ukianza na jibu jipya.

Maelezo ya kawaida ni haya: mstatili wa 27 kwa 26⅔ una eneo 720 barabara, ila si mraba. Upande mmoja umezidi, mwingine umepungua, ukichukua katikati unaukaribia mraba. Sawa. Lakini mimi sasa ni mtu wa mikanda, nikataka kuiona ile 1/36 imetokea wapi.

Nimeanza na mraba wa 27, eneo 729. Limezidi kwa 9. Nataka kukata 9 hiyo kwa mikanda miwili, mmoja ubavuni, mmoja juu. Kila mmoja una urefu 27, kwa pamoja 54, kwa hiyo upana ni 9 kwa 54, yaani 1/6. Upande mpya ni 27 kasoro 1/6, ambayo ni 26⅚. Jibu lilelile la Heron. Ila mikanda miwili inapishana kwenye kona! Kile kijumba cha 1/6 kwa 1/6 nimekihesabu mara mbili, na kwenye karatasi kinakatika mara moja tu. Kimebaki 1/36. Ndicho hicho alichokiona Heron.

Kutoka hapa napata kanuni ya kichwani ambayo nimeitumia tangu asubuhi: chukua mraba kamili ulio jirani, angalia umebakiwa na ngapi, gawa kwa mara mbili ya upande. √50: jirani ni 49, upande 7, imebaki 1, gawa kwa 14. Jibu 7.0714, na kikokotoo kinasema 7.0711. √103: 10 na 3/20, yaani 10.15, na kikokotoo 10.149. Jibu la namna hii huzidi kidogo kila mara, kwa sababu kona haijalipiwa.

Siku ya 9

Siku nzima ni ya kipeuo cha 2.

Nimeanza na 3/2 na kutumia njia ya Heron. 3/2, kisha 17/12, kisha 577/408, kisha 665857/470832. Ya mwisho ni 1.41421356237…, na tarakimu zote hizo ni sahihi. Hatua tatu tu! Kila hatua idadi ya tarakimu sahihi inakaribia kuongezeka maradufu, kwa sababu kosa linalobaki ni kona, na kona ni kosa la awali likizidishwa kwa lenyewe. Kosa dogo likizidishwa kwa kosa dogo linakuwa si kitu.

Kisha nikakumbuka bamba la udongo la Babeli linalohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale kwa namba YBC 7289. Ni la kati ya mwaka 1800 na 1600 KK hivi, dogo kiasi cha kukaa kiganjani. Limechorwa mraba na mistari yake miwili ya ulalo. Upande umeandikwa 30. Juu ya ulalo kuna 1, 24, 51, 10, na chini yake 42, 25, 35. Wao walihesabu kwa sitini, kama tunavyofanya bado kwa dakika na sekunde. Nimeigeuza mwenyewe: 1 + 24/60 + 51/3600 + 10/216000. Nimepata 1.41421296. Kwa uwanja wa mraba wenye upande wa mita 100, kosa la ulalo lingekuwa milimita 0.06, kiasi cha unene wa unywele. Na 42, 25, 35 ni huo ulalo wenyewe kwa mraba wa upande 30. Hawakuacha maelezo waliipataje namba ile.

Jioni nikahangaika na swali jingine: je, ipo sehemu ambayo ni √2 barabara? Nikapima zile zangu. 17² ni 289, na mara mbili ya 12² ni 288. Imepishana kwa 1. 577² ni 332,929, na mara mbili ya 408² ni 332,928. Imepishana kwa 1. Ile kubwa nimeifanya kwa mkono ikachukua ukurasa mzima: 443,365,544,449 dhidi ya 443,365,544,448. Moja tena! Hiyo moja ndiyo kona ileile, kijumba kimoja kisichokubali kuondoka hata ukate vijumba vidogo kiasi gani.

Kwamba haitaondoka kamwe, hoja yake ni fupi. Tuseme ipo sehemu p/q iliyorahisishwa mpaka mwisho, na p² ni mara mbili ya q². Basi p² ni shufwa, na p lazima iwe shufwa, kwa sababu witiri mara witiri ni witiri. Kama p ni shufwa, p² inagawanyika kwa 4, kwa hiyo q² nayo inagawanyika kwa 2, na q ni shufwa pia. Zote mbili ni shufwa, wakati tulisema sehemu imekwisha kurahisishwa. Haiwezekani. Nimeiandika mara tatu mpaka nikaridhika kwamba hakuna hila.

Siku ya 12

Nimetoka mezani. Uzi, nati ya chuma, msumari ukutani, na saa ya simu. Muda wa pendulamu kwenda na kurudi unafuata kipeuo cha urefu wake: ukirefusha uzi mara nne, muda unakuwa mara mbili. Nimepima sentimita 25, 50 na 100, mibembeo 20 kila mmoja, kwa kuisukuma kidogo tu.

Sekunde: 20.7, 28.8, 40.4.

Nilitarajia ya tatu iwe mara mbili ya kwanza. 40.4 kwa 20.7 ni 1.95. Nimerudia mara tatu, ni vilevile. Mtu akikosea kubonyeza saa, makosa huenda huku na huku. Haya yanaenda upande mmoja. Kuna kitu.

Siku ya 13

Nimekipata nikiwa nimelala. Nilipima uzi peke yake, kutoka msumarini hadi pale ulipofungiwa nati. Uzito hauko kwenye fundo, uko katikati ya nati, sentimita moja na nusu chini zaidi. Kwa uzi mrefu kosa hilo halionekani. Kwa uzi wa sentimita 25 ni asilimia 6.

Nimepima upya hadi katikati ya nati: sekunde 20.1, 28.4, 40.1. Ya tatu kwa ya kwanza, 1.995. Ya pili kwa ya kwanza, 1.413! Nimeipata √2 kwa nati na uzi.

Na tazama: kosa la asilimia 6 kwenye urefu lilileta kosa la asilimia 3 kwenye muda, kutoka 20.1 hadi 20.7. Kipeuo hukata asilimia ndogo nusu kwa nusu. Nilipojua hivyo sikuhitaji kuuliza kwa nini: ziada ya eneo inagawanywa kwenye mikanda miwili, kila mkanda unabeba nusu.

Siku ya 17

Siku nne za kuokota vipeuo vilivyomo ndani ya vitu vya nyumbani. Vingine nimeviacha, hivi vimenivutia.

Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Gawa: 1.414. Waliotaka karatasi ambayo ukiikata katikati inazaa mbili zenye umbo lilelile hawakuwa na uchaguzi, ni √2 tu ndiyo inayofanya hivyo. Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alilieleza katika barua ya mwaka 1786, na Ujerumani ikaifanya kuwa kipimo rasmi mwaka 1922. Kubwa yao, A0, ina eneo la mita moja ya mraba. Ndiyo sababu mashine ya fotokopi ina kitufe cha 71% na cha 141%. Anayetaka kubana kurasa mbili za A4 kwenye karatasi moja akabonyeza 50% anapata ukurasa wa robo, maana asilimia hiyo hukata upande na si eneo. Nusu ya eneo ni 0.707 ya upande.

Skrini nayo huuzwa kwa ulalo. Ukitaka yenye eneo mara mbili ya inchi 43, usitafute ya 86, hiyo ni mara nne. Zidisha 43 kwa 1.414: karibu 61.

Kwenye lenzi ya kamera kuna 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Nilidhani zimechaguliwa ovyo. Kila moja ni iliyotangulia mara √2, ikasawazishwa kidogo, ili kila hatua ikate nusu ya eneo la tundu na hivyo nusu ya mwanga.

Upeo wa macho: ukisimama ufukweni na jicho likiwa mita 1.7 juu ya maji, upeo uko umbali wa 3.57 mara √1.7, yaani karibu kilomita 4.7. Nilidhani ni mbali zaidi. Na ukitaka kuona mbali mara mbili, panda mara nne.

Siku ya 20

Fupi. Kujua kama 397 ni namba tasa, huna haja ya kuigawa kwa kila namba iliyo chini yake. Mstatili wa eneo 397 lazima uwe na upande mmoja usiozidi √397, ambayo haifiki 20. Jaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19. Hakuna inayogawa. Ni tasa. Dakika mbili.

Siku ya 23

Nimejipima: namba kumi zilizochaguliwa na mtu mwingine, hadi sehemu mbili za desimali, bila kikokotoo. Tisa sahihi. Ya kumi ilikuwa 0.9, nami nikaandika 0.30 kwa pupa. Ni jozi tena: tisini nyuma ya nukta ni 90, wala si 9. Jibu ni 0.95 kasoro kidogo.

Aliyenichagulia namba ameniuliza, je, kipeuo cha tatu? Sikuwa na jibu. Nimechukua kipande cha sabuni, nikakikata kiwe mchemraba, kisha nikakikata mara tatu karibu na ukingo: mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana, mara moja kwa kina. Nikavitenganisha mezani. Mchemraba mkubwa mmoja, mabamba matatu membamba, vijiti vitatu, na kona moja ndogo kama punje. Vipande vinane. Kesho naanza na 1728.